Kitabu cha Wanunuzi

Kuna chumba ambacho mwenyewe ni kila mtu, na hakuna alalaye humo. Ukienda hubishi hodi, na ukiingia huulizwi umefuata nini. Delphia Sizemore alipenda kuwategea kitendawili hicho watoto wa shule waliokuja kutembezwa mahakamani. Wengine walijibu kanisa, wengine choo cha stendi, mpaka awageuze mabega na kuwaonesha mlango wa kioo ulio nyuma ya kaunta yake. Huko ndiko zilikotunzwa hati za mashamba yote ya kaunti ile ya milimani Kentucky, tangu mwaka wa 1867, baada ya vitabu vya mwanzo kuteketea kwa moto.

Alikuwa naibu karani kwa miaka thelathini na mmoja. Karani mwenyewe, yule wa kuchaguliwa kwa kura, alionekana zaidi miezi ya uchaguzi. Miezi mingine kazi ilikuwa ya Delphia. Na kama walivyo watu wote wa milima ile, alipokutana na mtu neno lake la kwanza halikuwa jina. Alikuuliza, wewe wa kwa nani? Ukishamtajia babu yako, yeye alikutajia shamba la babu yako, kijito lililopakana nacho, na nani amezikwa pale juu kwenye kilima. Hapo ulikuwa umeshakuwa mtu, na alikupa kiti.

Jumanne moja ya Agosti, saa tatu na robo asubuhi, simu ya kaunta ililia. Ilikuwa sauti ya mwanamume, laini, yenye adabu. Delphia akauliza swali lake, na yule mtu akajibu kama aliyekuwa akilingoja. Alisema yeye ni Lonnie, binamu yake Marlena Bowling kwa upande wa baba. Alimtaja bibi yao, marehemu Arminta. Alilitaja kanisa alilosali bibi huyo, akataja hata mifarishi ya viraka aliyokuwa akiishona wakati wa baridi. Ndugu wamesikia kwamba Marlena amejipatia nyumba upande huo, akasema, na wanataka kumletea mfarishi mmoja wa bibi bila kumwambia. Ila hawajui kama ni kaunti hii au ile ya jirani.

"Ni hapa hapa, mwanangu," Delphia akamwambia. "Ijumaa ya juzi alisimama mbele yangu na hati yake mkononi. Tena mkija mje na chakula, maana amekonda kama sindano."

Lonnie akacheka, akauliza ni upande gani hasa. Delphia akasema kitabu hakiko karibu, lakini aje mwenyewe aangalie, ni cha watu wote, wanafunga saa kumi na nusu. Yule mtu akamtakia baraka za Mungu na simu ikakatwa.

Delphia alirudi kwenye kahawa yake akiwa na furaha, kama mtu aliyeunganisha ndugu waliopotezana. Akanywa funda la kwanza, akanywa la pili. Kabla ya la tatu akakiweka kikombe chini.

Ijumaa ile ilimrudia yote. Marlena alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, na kidole kimoja cha mkono wa kushoto kilikuwa kimefungwa kijiti. Aliuliza mara tatu ni nani atakayeweza kuisoma hati ile. Mara ya tatu Delphia alimtania, akasema hata mbwa, akijua kusoma. Marlena hakucheka. Aliuliza kama kuna namna ya kuiandika bila jina, Delphia akasema hapana, shamba lisilo na jina si la mtu. Kisha, kama kawaida yake, alimuuliza watu wake ni akina nani. Na Marlena alijibu kwamba hana. Bibi Arminta ndiye aliyekuwa wa mwisho.

Wa mwisho. Sasa huyu binamu alichomoza wapi?

Dirisha la pili, lile la namba za magari, lilikuwa la Twyla Begley, ambaye alikuwa na umri wa binti yake Delphia na alimwita shangazi. Delphia alimwendea akamweleza kwa sauti ya chini. Twyla aliacha kutafuna bigijii.

"Shangazi, yule dada alikuja kwangu pia," akasema. "Alitaka namba mpya za gari, akaniomba nibandike zisizo na jina la kaunti. Nilimwambia labda ahamie mwezini." Akatazama chini. "Nilimcheka mbele ya watu."

Wawili walikuwa wamemcheka mtu mmoja, kila mmoja kwa dirisha lake, na hakuna aliyejiuliza mtu anayejificha hivyo anamkimbia nani. Delphia alipiga simu kampuni ya simu. Nyumba ile ilikuwa bado haijavutiwa waya. Aliingiza mkono kwenye mkoba kutafuta funguo za gari lake. Kabla mkono haujatoka, mlango wa mbele ulifunguka.

Aliingia mwanamume mrefu, shati limepigwa pasi, nywele zimechanwa kwa maji, kofia mkononi. Alinukia sabuni ya kunyolea.

"Habari za asubuhi, mama," akasema. "Sauti yako naijua, ingawa uso ndio kwanza nauona."

Delphia aliutoa mkono mkobani. Kupitia dirishani aliona pikapu imeegeshwa ng'ambo ya uwanja, kando ya kibanda cha simu cha kituo cha mafuta. Kwa hiyo alipokuwa akizungumza naye, mtu yule alikuwa amesimama pale, akimtazama kupitia vioo viwili. Hakuwa na mfarishi wala kifurushi chochote.

Angemfukuza kwa sheria ipi? Alipoanza kazi alikula kiapo mkono ukiwa juu ya Biblia. Alikula hata kile kipande cha zamani cha kuapa kwamba hajawahi kupigana na mtu kwa silaha za kuua kwa miadi, kama walivyomaliza ugomvi mabwana wa kale, jambo ambalo mumewe Orbin alilicheka wiki nzima. Kiapo hakikusema lolote kuhusu mabinamu wa uongo. Chumba ni cha watu wote, mwema na mbaya. Alifikiria kusema kitabu kimepelekwa kushonwa. Lakini mtu huyu angejua anafichwa, angetoka pale na kwenda kuuliza barabarani, na barabarani watu wa kaunti ile walikuwa kama yeye Delphia: ukishawatajia bibi yako wanakuelekeza mpaka kitandani. Humu ndani angalau alikuwa mbele ya macho yake.

Alichukua kipande cha risiti akaandika nyuma yake: *Nenda Kijito cha Njiwa, nyumba ya zamani ya akina Asher. Mtoe yule dada. Sasa hivi.* Akakipeleka kwa Twyla pamoja na bahasha ya namba za magari, akasema kwa sauti ya kila siku kwamba hizi zina haraka. Twyla alisoma. Alikifunga kidirisha chake, akachukua mkoba, akamwambia yule mgeni kwa tabasamu kwamba jino linamuua, anakwenda kwa daktari. Saa ya ukutani ilisema saa nne kasoro dakika tano.

Kijito cha Njiwa kiko maili kumi na mbili, na sehemu kubwa ni barabara ya kokoto yenye upana wa gari moja. Nusu saa kupanda. Dakika chache za kumshawishi mwanamke mwenye hofu aingie kwenye gari la mtu. Nusu saa kushuka, kwa njia hiyo hiyo, maana nyingine haipo. Mgeni huyu akitoka mapema, watakutana naye uso kwa uso. Delphia alihitaji saa nzima, na hakuwa na kitu cha kumzuilia ila kazi yake.

"Umewahi kutafuta hati, mwanangu?" akamuuliza.

Hajawahi, akajibu.

"Basi nitakufundisha vizuri. Sitaki mtu atoke humu akisema Delphia Sizemore alimwonesha nusu."

Akaanza mwanzo kabisa. Alimweleza kwamba kila shamba linalouzwa huandikwa mara mbili, katika kitabu cha wauzaji na katika kitabu cha wanunuzi, ili ukimjua mmoja umpate mwenzake. Alimpeleka kwenye rafu ya chini, akamwomba amsaidie kuinua kitabu cha kwanza, kilichofungwa kwa ngozi, kizito kama mtoto wa miaka miwili. Alimwonesha jinsi karani wa zamani alivyopanga majina kwa herufi ya kwanza tu, kwa hiyo akina Bowling wamelala pamoja na akina Baker na akina Begley, bila mpangilio, kila mtu alipoingia siku yake. Akamweleza ni Bowling gani alinunua ardhi ya mtoni mwaka wa 1874, na kwa nini ndugu yake alimkasirikia. Akafungua kitabu cha pili, cha tatu. Aliuliza kama yeye Lonnie anatokana na Bowling wa juu au wa chini.

"Wa chini," yule mtu akasema.

Bowling wa chini walikwisha kwa homa miaka themanini iliyopita. Delphia aliitikia kwa kichwa, akageuza ukurasa. Saa ilisema saa nne na dakika tano. Kwa hesabu yake Twyla alikuwa bado hata hajafika kwenye kokoto.

"Nikutegee kitendawili," akasema, na sauti yake ilitoka nyembamba. "Ana mgongo lakini halali chali, ana majina elfu lakini ukimwita haitiki."

"Kitabu," yule mtu akasema. "Cha mwaka huu kiko wapi, mama?"

Delphia akasema tutakifikia, kazi hii haitaki papara, mtu akiruka miaka anaweza kupotea. Alinyoosha mkono kugeuza ukurasa mwingine. Yule mtu aliweka kiganja chake juu ya ukurasa, na vidole vya Delphia vikabaki chini ya kiganja hicho. Hakukivuta. Alikigandamiza, kidogo kidogo, huku uso wake ukitabasamu kama mtu anayemsubiri bibi yake avae miwani.

"Mama," akasema polepole. "Mwaka huu."

Ndipo alipokiona tena akilini kile kidole cha Marlena kilichofungwa kijiti. Akajua namna kilivyovunjika. Hakuna aliyemwambia, vidole vyake mwenyewe vilimwambia. Hakupiga kelele. Upande ule wa ghorofa ya chini alikuwa peke yake, na Estill Gabbard, askari mzee wa mahakama, alikuwa juu, kwenye kesi, mpaka saa sita. Alisema, sawa, mwanangu, na kiganja kikainuka.

Kitabu cha mwaka ule kilikuwa juu ya meza yenyewe, hatua mbili kutoka walipokuwa. Yule mtu alipitisha kidole mara moja tu kwenye safu. Bowling, Marlena. Kitabu cha hati namba 214, ukurasa wa 388. Alikwenda mwenyewe kwenye rafu, akakitoa mwenyewe, akakifungua mwenyewe.

"Umenifundisha vizuri," akasema.

Alisoma akichezesha midomo. Delphia alisimama ng'ambo ya meza akiisoma ile hati kichwa chini miguu juu, ingawa aliijua kwa moyo, kwa kuwa ndiye aliyeipiga muhuri. Anwani iliyoandikwa ilikuwa sanduku la posta la mjini. Na ardhi yenyewe iliandikwa kama inavyoandikwa ardhi yote ya milima ile, tangu babu wa babu zao: *Ikiwa kwenye maji ya Kijito cha Njiwa, kuanzia mwaloni mweupe ulio ukingoni mwa kijito, mpakani na warithi wa Asher, kupanda kilima hadi jiwe lenye alama ya msalaba, kufuata mgongo wa kilima hadi miti miwili ya mhikori, kushuka kwa mkondo wa maji hadi mwanzo.* Hapakuwa na namba ya nyumba. Hapakuwa na jina la barabara.

Yule mtu alisoma mara ya pili. Mara ya tatu alifuata maneno kwa kidole. Kisha akainua macho, na ile sauti laini ikarudi.

"Huu mwaloni uko wapi, mama?"

Kwa miaka thelathini na mmoja hakuna aliyewahi kumuuliza Delphia swali la namna hiyo akakosa jibu. Ndiyo iliyokuwa sifa yake. Wanasheria walitoka miji ya mbali kuja kumuuliza mti fulani uko wapi. Na mwaloni ule aliujua. Radi iliupasua tawi la kulia mwaka aliozaliwa mwanawe wa pili. Ukishapita daraja la tatu unauona kabla hujaiona nyumba. Ulimi wake ulikwisha inuka kwa mazoea. Akaiona hatari, akaurudisha chini.

"Kitabu ni chako kama kilivyo changu," akasema. "Nimekuonesha. Kazi yangu inaishia ukingoni mwa karatasi."

"Unaujua lakini."

"Najua miti mingi."

Mtu yule aligonga ukurasa kwa kidole. "Asubuhi ulikuwa mwepesi wa kusema."

"Nilikuwa," Delphia akajibu. "Na nitajuta mpaka nizikwe."

Alitaka nakala. Hilo nalo lilikuwa haki yake, na Delphia alikwenda kwenye mashine, akauweka ukurasa vibaya mara mbili, na hiyo ilikuwa kweli mikono kumshinda, si hila. Yule mtu aliikunja nakala mara nne, akaitia kwenye mfuko wa shati, akavaa kofia. Mlangoni akageuka. Alisema hana neno, maana anafahamu kuna duka pale kijito kinapoingia mtoni, na watu wa huku ukiwaambia binamu wanakuchorea ramani na kukufungashia chakula cha njiani. Akaenda. Pikapu ilinguruma ng'ambo ya uwanja. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini na tano, na Twyla, kama alikwenda mbio, ndiyo kwanza alikuwa amefika penye mwaloni.

Delphia alipiga simu dukani kwa Hobert Gilley. Hobert alikuwa na umri wake, walisoma pamoja, na kwa miaka arobaini alikuwa hajawahi kukutana na mtu asiyemwelekeza mahali. Aliwaelekeza wahubiri, aliwaelekeza watoza kodi. Delphia alimwambia atakuja mtu mwenye kofia, mpole, atajiita binamu, atauliza nyumba ya akina Asher au mwaloni ulioko kwao.

"Na wewe huujui," akasema.

"Delphia, kwenye ule mwaloni ndipo nilipoanguka nikavunja mkono. Wewe ndiye uliyenicheka."

"Leo huujui, Hobert. Wala huijui nyumba. Wala hapo barazani pasiwe na mzee mmoja anayeijua. Huyo mtu akiambiwa, tutamzika yule binti."

Kisha Hobert akasema amesikia, akakata simu bila kuaga, jambo ambalo pia lilikuwa la kwanza kwake.

Baadaye alivuka ukumbi hadi ofisi ya karani wa mahakama, ambayo si ofisi yake na ina vitabu vyake yenyewe. Alisimama dirishani kama mwananchi yeyote, akapumua, akaomba kuona karatasi yoyote iliyofunguliwa kwa jina la Marlena Bowling. Msichana wa dirishani alipitisha vidole kwenye droo, akatoa faili jembamba. Lilikuwa pale wiki tatu nzima, hatua ishirini kutoka kwenye kiti cha Delphia, naye hakujua. Amri ya hakimu: Royce Cope asimsogelee mkewe Marlena, asimtafute, asimtume mtu, asimiliki bunduki wala bastola. Penye maelezo ya mke palikuwa na mistari minane. Delphia alisoma miwili, akaacha.

Alipanda ngazi na goti lake bovu. Aliufungua mlango wa mahakama kesi ikiendelea, akapita katikati ya watu mpaka alipoketi Estill, akamwekea faili mapajani. Hakimu alikatiza neno lake, akamtazama kwa ukali, kisha akamtazama Estill anayesoma, na ukali ukamwisha. Dakika tano baadaye magari mawili ya sherifu yalikuwa yametoka.

Kilichobaki kilikuwa kungoja, na hapo ndipo hofu ilipomkalia vizuri. Kazi ilipokuwepo alikuwa na pa kuiweka. Sasa alikaa kwenye kaunta na mbele ya macho yake ilikuwa barabara moja nyembamba, gari dogo jekundu la Twyla linashuka, pikapu inapanda. Mtu alikuja kulipia leseni ya mbwa. Delphia alimwandikia leseni ya uvuvi. Aliomba Mungu, akajikuta anaomba maneno ya hati: kuanzia mwaloni mweupe, kupanda kilima.

Twyla alisimulia baadaye. Alimkuta Marlena anapaka rangi fremu ya dirisha. Alipotaja mwanamume mrefu mwenye kofia, Marlena aliweka brashi chini bila kuuliza lolote, akaingia kwenye gari na viatu vya rangi, akalala sakafuni nyuma ya viti. Twyla alimfunika kwa magunia ya chakula cha kuku. Kwenye daraja la pili, Twyla akiwa amejifunga kitambaa mpaka nyusini na kuvaa miwani ya jua asitambuliwe, walikutana na pikapu. Mmoja lazima arudi nyuma, na yule mwanamume, kwa adabu yake, ndiye aliyerudi. Walipopishana alimwinulia Twyla kidole kimoja kutoka kwenye usukani, kama wanavyosalimiana watu wote wa milima ile, na Twyla akainua chake. Vioo viliachana kwa upana wa mkono. Chini ya magunia hapakusikika hata pumzi.

Dukani hakupata kitu. Hobert alikuna kichwa akasema akina Asher walihama zamani, hajui walikuwa upande gani. Wazee watatu wa barazani, ambao kwa kawaida hata usipouliza watakuambia, walitazama viatu vyao. Mmoja alimkaribisha soda. Kwa hiyo alipanda na karatasi yake, akitafuta mwaloni mweupe kando ya maji, na kijito kile chote, kutoka mdomoni hadi chemchemi, hakina upungufu wa miti hiyo. Maaskari walimkuta saa tano na nusu, maili mbili chini ya nyumba ya Marlena, amesimama kwenye uwanja wa mjane mmoja chini ya mwaloni mwingine kabisa, nakala mkononi, bastola kiunoni. Mjane alikuwa amemfungulia mbwa na kujifungia ndani.

Habari hiyo ilipofika mahakamani Marlena alikuwa ameshaingizwa kwa mlango wa nyuma. Aliketi katikati ya vitabu, vumbi la chakula cha kuku nywelini, rangi nyeupe imekaukia kwenye vidole. Delphia alimwambia wamemkamata. Marlena aliitikia kama mtu aliyeambiwa hali ya hewa. Delphia alimletea maji, akasimama, akaketi, akasimama tena. Ilimlazimu kusema, na hakupata njia ya kulizunguka.

"Alipiga simu asubuhi, akajiita binamu yako," akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia uko hapa. Hakunilazimisha. Nilimwambia kwa furaha."

Marlena alikunywa maji yote kwanza.

"Hajawahi kumlazimisha mtu," akasema. "Bosi wangu alimwambia kwa furaha. Mchungaji naye. Yeye huongea tu, watu wanampa." Aliigeuza bilauri mikononi. "Watamweka siku ngapi?"

Delphia hakujua. Inategemea hakimu, akasema. Huenda wiki, huenda akatoka keshokutwa kwa dhamana. Akaongeza kwamba ndugu yake ana nyumba Ohio, na kama Marlena anataka, jioni hii hii wataondoka.

"Nimepaka dirisha moja tu," Marlena akasema. "Yapo manne. Siendi." Kisha akauliza: "Hilo la kumtoa au kumweka, linaandikwa?"

"Linaandikwa. Ng'ambo ya ukumbi. Siku ya kusikilizwa, dhamana, siku ya kutoka, yote."

"Anaweza kuliangalia nani?"

Delphia alitaka kujibu, akaona haja hakuna; jibu alikwisha mpa Ijumaa ile.

"Nifundishe," Marlena akasema. "Nitakuja kila asubuhi, kabla sijaenda kazini. Nataka niwe najua alipo kabla yeye hajajua nilipo."

Walivuka ukumbi pamoja. Delphia alitangulia kufungua mdomo dirishani, Marlena akamgusa kiwiko, akasogea mwenyewe. Sauti ilimtoka ya chini mno, msichana wa dirishani akamwomba arudie. Akarudia: alitaka kuona orodha ya leo, jina Cope, Royce. Msichana hakumuuliza anaitakia nini. Alisukuma daftari chini ya kioo.

Delphia alimwonesha safu ya jina, safu ya namba ya kesi, na ile ya mwisho kulia, yenye tarehe na saa, akamwambia hiyo ndiyo ya kutazama kwanza kila siku kwa kuwa ndiyo inayobadilika. Kisha akanyamaza, jambo lililomgharimu. Marlena alifuata mstari kwa kile kidole chenye kijiti, polepole, kutoka mwanzo wa ukurasa. Kusikilizwa Alhamisi, saa tatu asubuhi. Aliomba kalamu.